Wimbo Niliouficha

Katika kwaya ya kanisa letu, mtaani Kapata, anayeleta wimbo ndiye anayeuanzisha. Ni desturi ya zamani, na kwa miaka kumi na mmoja ilinifaa sana mimi, Adolphine Kankolongo, maana wimbo unaopendwa kuliko nyimbo zote niliuleta mimi. Mama yangu alitoka nao Kasai, beti saba za Tshiluba, lugha ya kwao ambayo kwayani wachache wanaielewa. Wenzangu niliwafundisha kiitikio tu. Beti nilizibakiza tumboni.

Nisijitetee: nilifanya makusudi. Kila mazoezi nilibadilisha mpangilio wa beti, leo wa nne kabla ya wa pili, kesho kinyume chake, ili mtu asizikamate. Mwalimu wetu wa kwaya, Tata Stany, alidhani ni Roho ananiongoza. Nilimwacha adhani hivyo.

Kisha akaja Mujinga. Ni mjane, anaosha mawe ya shaba kule machimboni Mutoshi tangu asubuhi, na mazoezini anafika vidole vimepasuka, kitenge bado kina tope. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: sauti anayo. Nilipomsikia mara ya kwanza nilijua atanipita. Nikamsimamisha mwisho wa mstari, karibu na mlango, nikasema ni kwa sababu ya urefu wake. Mujinga si mrefu.

Jumapili moja, kanisa likiwa limejaa, nilifika ubeti wa tano nikakuta hakuna kitu. Nilikuwa nimezichanganya beti hadi nikajichanganya mwenyewe. Kwaya ikarudia kiitikio mara mbili, ikaanza mara ya tatu, jasho likinitoka. Ndipo nikasikia, kutoka mwisho wa mstari, neno la kwanza la ubeti wa tano, limeimbwa chini chini ndani ya kiitikio, kwa ajili yangu tu. Nikalidaka, nikaendelea. Wamama wakanipungia vitambaa.

Baada ya ibada nilimvuta Mujinga pembeni, nikamuuliza amezijuaje. Akasema Tshiluba anakielewa, kwa hiyo alizikusanya moja moja, akazipanga kwa kufuata maana yake, akawa anaziimba akiosha mawe. Nikamuuliza kwa nini basi hakuendelea mwenyewe, watu wakamsikia.

“Wimbo ni ya Mungu, mama,” akasema. “Mi niliona unasumbuka, basi.”

Nilirudi nyumbani nimekasirika, kwa sababu hakunipa hata sababu moja ya kumchukia. Siku tatu niliomba. Niliomba kwa ujanja: Mungu anisamehe, lakini asinitume kufanya lolote. Haikuwezekana. Kila nikifumba macho nilimwona Yesu amejifunga kitambaa kiunoni, ameinama miguuni pa wanafunzi wake, na mimi natafuta kiti cha mbele. Na baada ya wiki mbili kwaya ilikuwa imealikwa mji wa Sandoa, kufungua kanisa jipya. Kila mtu alijua ni nani ataanza wimbo.

Alhamisi, mazoezini, nilisimama kabla woga haujanishika.

“Bamama, batata, mi nilikosa. Ile mistari nilikuwa naibadilishaka kwa makusudi, juu mutu asiijue. Leo nitawafundisha yote. Na ku Sandoa, Mujinga ndiye ataanza.”

Tata Stany aliniuliza kama ninaumwa. Nikamjibu ndiyo, miaka kumi na mmoja.

Usidhani moyo wangu ulilainika papo hapo. Maneno Mujinga alikuwa nayo tayari, lakini kila ubeti niliomfundisha kuuongoza ulitoka kwa shida, kama jino. Wa sita una mahali ambapo sauti inapanda halafu inakatika, namna yake mama yangu alinionyesha mimi peke yangu, na hapo nilitaka kujibakizia kidogo. Nani angejua? Nikauma meno, nikamwonyesha pia. Akakosea, nikamrudishia, akakosea tena, nikamrudishia tena hadi akapata.

Tulifika Sandoa kwa lori, siku mbili za vumbi. Mujinga akasimama mbele, mimi mstari wa nyuma. Kwenye ubeti wa sita mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Nikaufunga kwa nguvu. Sauti yake ikapanda, ikakatika pale pale panapotakiwa. Wengi walilia. Nami nililia, na si machozi yote yalikuwa ya furaha.

Nje, watu walimzunguka. Mama mmoja wa Sandoa alikuja mbio, akaniwekea mtoto wake mikononi bila hata kuniangalia vizuri.

“Mama, unishikie kwanza huyu mutoto, niende kusalimia ule mwenye alianza wimbo.” Akageuka. “Na weye, unaimbaka pia mu hii kwaya?”

Ulimi uliniwasha. Ningeweza kumweleza habari za mama yangu, za Kasai, za miaka yote ile. Nilikuwa na maneno tayari.

“Naitikiaka,” nikamwambia, nikampakata mtoto vizuri.