Mjuvi Huyu

...mjuvi, ndivyo alivyosema mgeni, mjuvi huyu, nimesikia vizuri ingawa nazi inakwaruza kwenye mbuzi na pazia la sebule limeshushwa, Bi Mwanaharusi amekuja kutoka Zinga kumposea mpwa wake Bwanausi, na mwanangu Tatu ameulizwa kama ameridhika, anyamaze tu, kunyamaza ndiyo kuridhika, nilimfundisha jana nikimsuka, naye akajibu, tena kwa sauti, nimeridhika, lakini cherehani yangu nakwenda nayo na nitashona... mwanangu, mwanangu, ungemeza mate tu... sasa huko ndani hata kikombe hakigongi kisahani, na neno lile nalijua, nimeishi nalo, mama akimwita hivyo kuku anayeingia jikoni kudonoa mchele ungo ukiwa bado mkononi mwako, mjuvi huyu, shii, na mtoto anayedakia maneno ya wakubwa, mjuvi, na mke anayemtazama mkwewe usoni, lakini kaka yangu Mwinshehe alipomsahihisha mwalimu wa chuo cha Kurani wakasema kijana ana ujuzi, na mimi nilipomsahihisha Mwinshehe, nikiwa nimepatia, nikapigwa kofi, usilete ujuvi hapa, ujuzi na ujuvi, herufi moja tu imepishana, niliwaza hivyo shavu likiwaka, sikusema, ningeongezewa la pili... halafu mwaka ule wa nzige baba akamleta Bwana Humoud mwenye duka la tende, mtu mwema, mzee kuliko baba, nikaulizwa, nikasema simtaki, basi Mlingotini nzima nikawa Mina mjuvi, kisimani, harusini, hata msibani, mpaka akaja Rajabu, seremala, hana kitu, akaniposa, na safari ile nikanyamaza kimya mpaka shangazi akadhani nimezimia, na maisha yangu na Rajabu yamekuwa mazuri, nisikufuru, mazuri sana, ila nimejibana kidogo, nikitaka kumwambia mlango huu umeupinda namwambia mlango mzuri, maana mtu aliyekuchukua na jina lako baya humwongezei mzigo... anakohoa, Rajabu huyo, ataomba radhi, ataniita nimkanye mtoto, posa itavunjika na Tatu atalibeba neno hili mpaka Bagamoyo mjini... anasema polepole, kama anayepima ubao kabla ya kuukata, "Dada Mwanaharusi, mama yake aliitwa hivyo hivyo. Ndiyo maana nikamposa"... ndiyo maana... mkono umenisimama, hakusema "ingawa", hakusema "hata hivyo", amesema "ndiyo maana"... na Bi Mwanaharusi anacheka, kweli anacheka, anasema basi cherehani na ije, kanzu za Bwanausi hakuna hata moja isiyoachia mshono, na Tatu naye kacheka, nimemsikia, vikombe vimeanza kugonga tena, nami nakuna, nazi hii tamu, ina mafuta, wali utakuwa mzuri leo... miaka yote nilidhani Rajabu amenistahamili, kama mtu anavyokula samaki akitoa miba pembeni, nikashukuru, nikatii, nikalificha neno lile mbali kabisa asije akalikuta, kumbe ndilo lililomleta mlangoni kwa baba, na mimi, maskini ya Mungu, kila siku namnyima kitu alichokuja kukitafuta...