Ufizi wa Batuli

Tangu alipovunja ungo, Batuli alicheka kwa mkono. Ukimchekesha, kiganja kilitangulia kufunika mdomo, kwa sababu ya ufizi wake mweusi aliourithi kwa marehemu dada yangu Harusi. Mimi ni mama yake mdogo, niliyemlea, na nilichoka kumwambia kwamba hana kasoro. Wasichana wa Malindi siku hizo waliamini picha za matangazo ya dawa ya meno kuliko vioo vyao.

Alipoposwa na Mahadhi, Batuli akaniambia, "Mama Hindu, siku ya kutolewa mbele ya wanawake nataka nicheke kama watu."

Nikakubali. Nilitaka kumwona akicheka mdomo wazi kabla hajaondoka kwangu, basi.

Daktari wa meno alimdunga sindano ya ganzi, akaukwangua ufizi kwa kisu kidogo mpaka weusi ukatoka pamoja na damu. Nilimshika mkono, nimechoka kama niliyetwanga mchana kutwa. Wiki nzima alikunywa uji uliopoa, akalia usiku. Ulipopona, ufizi ulikuwa wa waridi kama ule wa matangazoni.

Sote wawili tumekulia kwenye maharusi, na hakuna aliyekumbuka kwamba bibi harusi anayetolewa hacheki. Batuli aliketi kitini, macho kayafumba, midomo kaibana, wanawake wakimtunza pesa na kupiga vigelegele. Hakuna aliyeuona ufizi wake. Nilikasirika, kisha nikakosa hata nguvu za kukasirika.

Baada ya fungate Batuli na Mahadhi walikuja kwangu kula chakula cha mchana. Jogoo wa jirani akaingia, akaruka, akatua juu ya kofia ya Mahadhi, na Mahadhi akabaki kakaa wima na tonge mkononi. Batuli akaangua kicheko, na mkono ukaenda mdomoni.

"Toa mkono, mwanangu," nikamwambia.

Akauteremsha, akautazama.

"Hata sijui umekwenda saa ngapi, mama."

Ufizi ulikuwa bado wa waridi, hauna hata doa. Nilitaka kulia. Batuli akaiweka mikono yote miwili mapajani, akajaribu kucheka tena, lakini kicheko kilikuwa kimekwisha, na jogoo alikuwa amekwisha kutoka. Nikainuka kukusanya sahani.