Msiba wa Mtu wa Mtandaoni

Hikma alipomwandikia Lorraine Wakiuru kwenye mtandao wa watu wa kazi, aliandika maneno machache tu, kama alivyofundishwa chuoni: jina lake, alichosomea, na ombi la kuunganishwa naye. Mama yake, Batulo, aliposomewa ujumbe huo alisikitika. Kwao Majengo, alisema, hata anayekuja kuomba chumvi huuliza kwanza habari za waliomo ndani.

Hikma alimweleza kwamba kule adabu ni ufupi. Mtu usiyemjua hasumbuliwi. Unabisha mara moja. Akifungua unashukuru, asipofungua unanyamaza.

Lorraine alifungua. Alikuwa msimamizi wa waajiriwa katika kampuni moja ya kusambaza dawa, na alijibu kwamba nafasi ya karani wa bohari ipo, atume vyeti vyake, ataitwa kwa mahojiano. Hikma alikuwa amemaliza chuo miaka mitatu nyuma, na katika maombi yote aliyotuma, hilo ndilo lililokuwa jibu la kwanza kuandikwa na mwanadamu. Mengine yote yalikuwa ya mashine. Batulo aliswali rakaa mbili za shukrani, na kwa siku kadhaa walikula chakula chao kama watu wanaosubiri mgeni wa heri.

Mgeni hakuja. Simu haikulia. Hikma alikuwa akifungua ukurasa wa Lorraine kila asubuhi, na asubuhi moja mama yake, aliyekuwa amechungulia juu ya bega lake, aliona picha ya mzee mwenye kofia, na chini yake mshumaa. Akauliza huyo ni nani. Hikma akamsomea: ni baba yake Lorraine, amefariki, maombi yanafanyika nyumbani, Umoja, kila jioni hadi siku ya mazishi.

Batulo alikaa kitako. Alisema kwamba sasa kimya kile kimejulikana, na kwamba wao wamejua msiba wa mtu na hawawezi kujifanya hawajajua. Hikma alimwambia angeandika neno la pole pale pale chini ya picha, kama wenzake mia walivyofanya. Mama yake akakataa.

"Amekufungulia mlango, Hikma. Aliyekufungulia mlango akifiwa huendi kumpungia mkono dirishani."

"Mama, kule hatujuani. Tumebonyeza tu."

"Na kazi utamwombaje kesho, kama leo hukumhani?"

Moyoni mwa Hikma neno hilo la pili, la kazi, lilikuwa na uzito zaidi kuliko la kwanza. Walikubaliana jambo moja: kazi isitajwe hata kwa ishara. Batulo aliapa, naye hakuwa mtu wa kuvunja kiapo. Walifunga sukari na majani ya chai, wakavaa mabuibui yao, wakaenda Umoja.

Hawakupata shida kuiona nyumba. Hema lilikuwa limesimamishwa kando ya barabara na viti vya plastiki vimejaa. Njogu, kaka yake Lorraine, aliwapokea kwa heshima, akachukua mfuko wao, akawaketisha mbele kwa kuwa Batulo ni mtu mzima. Lorraine alikuwa upande wa pili, karibu na mjane, ameinamisha kichwa. Hikma alimtambua kwa picha yake. Yeye hakumtambua Hikma.

Kama wangeketi kimya, wakaitikia dua za wenyewe na kuondoka, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini nyumba ile ilikuwa na desturi ambayo Batulo hakuijua. Baada ya maombi, Njogu aliomba wageni wapya wasimame mmoja mmoja, waseme wametoka wapi na walimjuaje marehemu. Wa kwanza alikuwa amefanya naye kazi relini. Wa pili aliimba naye kwaya. Kisha macho yote yakageukia mabuibui mawili.

Hikma alimshika mama yake mkono wa nguo, akachelewa. Batulo alikwisha simama. Alijitambulisha kwa sauti ya utaratibu, akasema anatoka Majengo, hakubahatika kumwona marehemu katika uhai wake, ila binti yake huyu anajuana na Lorraine kwenye simu, kule kwa watu wa kazi, na wamekuja kumpa pole.

Kisha kijana mmoja nyuma akasema, si kwa sauti ya chini ya kutosha, "Kumbe siku hizi intaviu inafanyiwa matangani." Watu wakainama kuficha vicheko. Lorraine aliinua kichwa, na hapo ndipo alipomjua Hikma.

Aliwafuata walipokuwa wakitoka. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, macho yamemvimba. Aliuliza nani aliwaonyesha nyumba. Hikma alisema ilikuwa imeandikwa kwenye ukurasa wake.

"Niliwaandikia watu wangu," Lorraine alisema. "Wewe nilikukubali kwa ajili ya kazi. Sasa niambie ukweli. Umekuja kumlilia baba yangu, au umekuja nikukumbuke?"

Hikma alifungua mdomo. Angeweza kusema la kwanza, na lingekuwa nusu ya kweli. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kukajibu.

"Tumekuja kukupa pole, mwanangu," Batulo alisema.

"Asante, mama," Lorraine alimjibu, kwa upole uliofunga kila kitu, akarudi hemani.

Kesho yake ukurasa wa Lorraine haukuonekana tena katika simu ya Hikma. Batulo alitaka Lorraine aandikiwe barua ya kumtaka radhi. Hikma alimweleza kwamba barua ingemfanya Lorraine aogope zaidi, kwa kuwa sasa wao ni watu wanaofuata watu majumbani. Hakumlaumu mama yake hata kwa neno moja. Batulo angependa alaumiwe.

Mwezi ulipoandama, kampuni ile ilitangaza mtandaoni karani wake mpya wa bohari: kijana wa kiume mwenye tai, anatabasamu. Hikma aliitazama picha, akaandika neno moja chini yake.

"Umeandika nini?" mama yake aliuliza.

"Hongera."

"Unamjua?"

"Simjui."

"Sasa mbona unampongeza?"

"Ndiyo adabu ya kule, mama," Hikma alisema, akageukia ukutani na kujifunika kanga mpaka kichwani, ingawa jua lilikuwa bado utosini.