Benchi la Nyuma ya Nguzo

Kabla ya meli ya Jumamosi kumchukua kwenda kuishi kwa bintiye Aalborg, Kamma alitaka jambo moja tu: akalie tena benchi la nyuma ya nguzo, katika kanisa la duara la kijijini kwao, kisiwani Bornholm.

Enzi zake wanawake walikaa kaskazini, wanaume kusini, na mchungaji alilinda mpaka huo kama mbwa wa zizi. Lakini kanisa la duara halina kona. Mabenchi ya kike na ya kiume yaliizunguka ile nguzo nene iliyobeba jengo zima, yakakutana nyuma yake, jicho la mchungaji lisipofika. Wazee walijenga vile kwa hofu ya maharamia, hawakumwaza kijana kama Hjalmar. Huko ndiko alikomshika Kamma mkono miaka miwili mizima kabla ya ndoa, mama mtu akimsifu binti kwa kupenda ibada.

Sasa pale pana meza ya vijitabu. Preben, mtunza kanisa, alisema benchi liliondolewa kwa sababu aliyelikalia hakumwona mchungaji.

“Ndiyo sifa yake hiyo,” Kamma alisema.

Benchi sasa liko ghorofani, na ngazi imepita ndani ya ukuta, nyembamba kama utumbo. Tena bintiye Kamma alishampigia Preben simu: mama asipande popote. Kamma akaitikia kwa upole uliostahili kutiliwa shaka, akamtuma Preben akaangalie kama kaburi la mumewe Hjalmar limepaliliwa. Preben aliporudi alimkuta kwenye ngazi ya tisa, anapanda kinyumenyume kwa makalio, fimbo mapajani.

“Bibi, utavunjika.”

“Nikianguka nakuangukia wewe. Sukuma miguu.”

Juu, ambako nguzo ileile ilipenya, Preben aliondoa ndoo za chokaa, akafuta vumbi. Kamma akakaa mwisho wa upande wa kike. Preben, akihema, akataka kukaa naye.

“Hapo pana mwenyewe. Nenda mbele ya nguzo uhubiri.”

“Sijui kuhubiri, bibi.”

“Hata yule mchungaji hakujua. Sema lolote, mradi liwe refu.”

Basi Preben, kutoka ng'ambo ya nguzo, akaeleza jinsi ya kuloweka chokaa ya kupaka kanisa. Kamma akafumba macho, akalaza kiganja wazi kwenye ubao. Alipofika kupaka chokaa mkono wa tatu Preben akanyamaza, akidhani bibi kalala.

“Endelea,” sauti ya Kamma ikasema nyuma ya nguzo. “Bado hatujafika amina.”