Maharage ya Jicho

Perpetua alikuwa na bunduki ya upepo na hakuwa na aibu nayo. Mumewe Florian alipofariki, ndugu walikuja kugawana vitu. Mmoja akashika redio, mwingine akashika koti, Perpetua akaikalia bunduki palepale kitini na kusema atakayeitaka amnyanyue yeye kwanza. Ukimwona Perpetua utaelewa kwa nini hakunyanyuliwa. Kibali akakibadilisha kwa jina lake, akakichomeka ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani, na tangu hapo njiwa wa kijiji cha Litembo wakajifunza kwamba uani kwake si mahali pa kutembea umetoa kifua.

Aliwindia jikoni. Aliegemeza mtutu kwenye ukingo wa dirisha, sufuria ikichemka nyuma yake, akasubiri. Bunduki yenyewe ilikuwa ya kizamani, ile unayoivunja katikati juu ya goti ndipo utie kijirisasi kisichozidi punje ya mtama. Lakini Perpetua hakuwa mtu wa kukosa shabaha, na hakuwa mtu wa kusahau desturi ya Florian: chochote kilichoanguka uani, kiwe kwale au sungura, mguu mmoja ulikwenda kwa Luisa, dada yake Florian, aliyeishi shamba la chini yake. Hata njiwa. Mguu wa njiwa haujazi jino, lakini Perpetua aliufunga kwenye jani la mgomba akaupeleka, hata siku ambazo yeye na wifi yake hawakuwa wakisemeshana.

Na siku hizo zilikuwa nyingi, kwa sababu ya maharage.

Mama yake Perpetua alimwachia mbegu ambayo watu wengine hapo mlimani walishaipoteza: maharage meupe yenye duara jeusi katikati. Nyumbani waliyaita ya jicho. Yalihifadhiwa kwenye kibuyu, yamechanganywa na majivu, mdomo umezibwa kwa gunzi. Miaka miwili iliyopita alimpa Luisa kibaba kizima cha mbegu. Luisa akapata wageni wa Komunyo ya kwanza, sufuria ikawa tupu, akayapika. Mbegu! Perpetua aliisikia habari hiyo akiwa amebeba ndoo ya maji, na ndoo haikufika nyumbani.

Kwa hiyo mwaka huu, mwishoni mwa Februari, Luisa alipokuja kusimama mlangoni na kusema, "Wifi, naomba konzi moja tu ya yale ya jicho, mashimo yangu ya ngolo yako tayari," Perpetua alimjibu bila kupepesa.

"Yameisha, wifi. Wadudu wamemaliza."

Wakati huohuo, nyuma ya nyumba, juu ya kichanja cha kuanikia kahawa, maharage ya jicho yalikuwa yakiota jua kwenye ungo. Ndiyo yote yaliyokuwepo duniani, kwa kadiri Perpetua alivyojua. Yakipotea hayo, mbegu ya mama yake ingekuwa imekwisha kweli, na uongo wake ungekuwa ukweli.

Siku ya pili ungo ulikuwa umepungua. Siku ya tatu, umepungua zaidi. Perpetua aliwashuku kuku, akawafungia ndani; ungo ukapungua. Akamshuku Luisa, tena akamshuku kwa furaha, mpaka alipokumbuka kwamba siku hiyo Luisa alikuwa Mbinga mjini tangu asubuhi. Hapo udadisi ukamshika kuliko hasira. Ni nani huyu anayekula kidogokidogo, asiyemwaga hata punje moja chini?

Akachukua majivu ya kibuyu, akayatandaza kuzunguka ungo. Alipotoka kanisani akakuta alama: viganja vidogo, vidole vyembamba vimetandazwa. Siku za mwizi ni arobaini, lakini huyu wa Perpetua zilimtosha nne. Alikuwa kindi.

Kesho yake akamwona. Alishuka kwenye mpera kichwa mbele, mkia umesimama, akapanda kichanja bila wasiwasi kama mwenye nyumba. Perpetua akamweka kwenye shabaha, kidole kikagusa kifyatulio, kisha akakiondoa. Kulikuwa na jambo ambalo hakulielewa. Kindi hakutafuna. Aliokota punje, akaigeuzageuza mikononi kama mama anayechagua nyanya sokoni, akaitia mdomoni, akaondoka. Akapita kwenye migomba ya mpakani, akaingia shambani kwa Luisa, akatokomea kati ya ngolo.

Ngolo za Luisa zilikuwa mpya. Yale mashimo yetu ya mlimani, yenye matuta pande zote nne, alikuwa ameyamaliza kuchimba wiki iliyotangulia, na udongo wake bado ulikuwa mbichi na laini. Za Perpetua hazikuwa zimeanza hata kufyekwa nyasi. Zamani Florian alifyeka nyasi na kuzipanga, Perpetua akachimba na kuzifukia. Sasa mfyekaji alimwambia kesho, na kesho ikawa na kesho yake.

Alitamani kumfuata kindi. Alitamani mno. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini atainama vipi kwenye matuta ya Luisa, na Luisa akimuuliza, "Wifi, unatafuta nini?" amwambie anatafuta maharage yaliyoliwa na wadudu? Akabaki upande wake wa migomba, amesimama kwa ncha za vidole.

Alasiri ile Meshack, bwana shamba aliyehamishiwa kwao kutoka Mara, alipita na pikipiki. Perpetua akamsimamisha.

"Bwana shamba, kindi akichukua mbegu, anaipeleka wapi?"

Meshack akacheka. "Tumboni, mama. Unadhani anaipeleka ghalani?"

Perpetua akaona haya kwa kuuliza. Mtu wa serikali amesoma, yeye ni mwanamke wa dirishani tu. Jumanne asubuhi kindi alipopanda kichanja, hakungoja tena. Bunduki ikasema *pwa*, na mnyama akaanguka chali kando ya ungo.

Alimchuna pale pale jikoni, na hapo ndipo mambo yalipomkoroga. Mdomoni mwake mlikuwa na punje mbili, nzima, hazina hata alama ya jino. Akapasua tumbo. Akakuta mapera, akakuta uyoga, akakuta maganda ya kitu asichokijua. Maharage hakukuta. Akayachambua yaliyomo kwa kijiti kama karani, akarudia. Hakuna. Akashika mkono wa mnyama: kucha zilikuwa zimejaa udongo mwekundu.

"Basi ulikuwa ukifanya nini, baba?" alimuuliza. Alijisikia vibaya, kwa namna ambayo hakuwahi kujisikia kwa njiwa yeyote.

Alichimba chini ya mpera, akachokoa kila shimo uani mwake. Hakupata kitu. Jioni akampika, akala bila hamu, na mguu mmoja akaufunga kwenye jani akampelekea Luisa. Luisa aliupokea kwa mikono miwili. Ungoni mlibaki konzi moja, Perpetua akairudisha kibuyuni na kushindilia gunzi kwa nguvu.

Mvua ikanyesha siku tisa. Siku ya kumi, Luisa akaja mbio, kanga imelowa, miguu ina matope hadi magotini.

"Wifi, njoo! Njoo uone ajabu!"

Perpetua alimfuata hadi kwenye ngolo. Juu ya matuta, miche ilikuwa imechomoza. Haikukaa kwa mstari: mmoja hapa, mwingine hatua tatu mbele, miwili pembeni kabisa ya shimo. Mashina yake yalikuwa ya zambarau. Perpetua hakuhitaji kuambiwa. Mashina yale aliyapalilia tangu utotoni. Moyo ulimpiga kwa furaha, kisha furaha ikamgeukia ikawa aibu.

"Sijapanda hata punje moja, wifi," Luisa alisema. "Nimewaza usiku mzima. Nadhani ni kaka Florian. Ameniombea huko aliko." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Nikivuna, nusu ni yako. Si ulisema yako yameisha?"

Perpetua angeweza kunyamaza. Angepata nusu, na shukrani juu yake. Alisimama pale akiangalia miche, akageuka, akapanda mlima bila kuaga. Luisa akadhani amekasirika tena. Aliporudi alikuwa anahema, kibuyu mkononi.

"Hayakuisha," alisema. "Nilikudanganya. Yalikuwa kwenye ungo siku ile ile ulipokuja. Aliyeyaleta huku si Florian. Ni kindi. Alikuwa akiyaiba kwangu na kuyafukia kwako, kwa sababu udongo wako ulikuwa laini."

Luisa alimtazama yeye, akatazama kibuyu, akatazama tuta.

"Kindi yupi?"

Perpetua akaanza kufuta kibuyu kwa ncha ya kanga.

"Wifi. Ule mguu ulioniletea Jumanne ile."

"Ndio wake."

Luisa aliketi juu ya tuta, matope na kanga na yote. Perpetua alijiandaa kutukanwa, na alijua kwamba amestahili.

"Na nilisema ni mtamu!" Luisa alisema. "Mungu wangu, tumemla aliyenipandia!" Kicheko kikamtoka, akacheka hadi akashika mbavu, na Perpetua, aliyekuwa hajacheka na mtu huyu tangu msiba, akajikuta ameketi kando yake anacheka na kulia kwa pamoja.

Walipotulia, akamwekea kibuyu mapajani.

"Shika. Na safari hii usipike."

"Na wewe usiniambie yameisha."

Wakaanza kupanda palepale, Perpetua akitoboa tuta kwa kidole, Luisa akidondosha punje na kufukia. Kila walipofika penye mche wa kindi, waliuruka, wakaendelea mbele.