Jina Moja kwenye Kizuia Sauti

Sikio la kushoto la Aita ndilo lililotangulia kufa. Kwa mtu anayelenga kwa bega la kulia, sikio la kushoto ndilo linalouelekea mdomo wa bunduki, na Aita alikuwa amelenga kwa bega lile miaka hamsini na miwili. Daktari wa masikio alimwonyesha mistari miwili kwenye karatasi. Wa kushoto ulikuwa umelala chini kabisa. Wa kulia ulikuwa bado na vilima vyake.

"Hili lililobaki ulitunze, mzee," daktari alisema. "Mlio mmoja mkali mahali palipofungika unaweza kuondoka nalo."

Aita akanigeukia. "Amesema nini?"

Nikaanza kuyarudia kwa sauti kubwa, ndipo nikaona mabega yake yanatikisika kwa kicheko.

Aita ndivyo sisi Wabaski, watu wa asili ya milima kati ya Hispania na Ufaransa, tunavyomwita baba. Jina lake lilikuwa Erramun Elizagoien. Alifuga kondoo chini ya milima ya Bighorn, hapa Wyoming, Marekani, kwenye ardhi ambayo babu aliipata baada ya kuchunga kondoo wa watu wengine miaka kumi na minane. Mama alipofariki, Aita alibaki pale na mbwa wawili na kondoo majike mia nne. Mimi, Maite, naendesha lori kwenye mgodi wa makaa ya mawe, siku nne zamuni, siku nne nyumbani kwa Aita. Kaka yangu Bettan anauza bima mjini Casper.

Wiki tatu baada ya kumzika mama, Bettan alimleta jikoni kwetu mtu mwenye viatu visafi, aje kuiulizia ardhi. Mtu yule alikaa kwenye kiti cha mama. Tangu siku hiyo mimi na kaka yangu hatukuwa tukisemeshana ila kwa kumpitia Aita.

Bettan aliposikia habari za daktari alikuja mbio. Tukala mchuzi wa maharage na soseji, kisha Bettan akaweka kijiko chini.

"Aita, na hili la pili likienda, unahamia mjini. Niahidi."

Aita alitafuna kwanza. "Mtu asiyemsikia jike akipata shida ya kuzaa, atawamaliza tu kondoo wake. Likienda, nitahama. Ila bado lipo, kwa hiyo maliza mchuzi wako."

Wakapeana mikono juu ya meza. Nilijua maana yake. Aita aliwahi kuuza farasi bora kuliko wote aliokuwa nao kwa mtu aliyekuja kumtukana baadaye, kwa sababu tu alikuwa ameshampa mkono. Basi sikio lile moja ndilo lililokuwa limeshikilia shamba zima.

Tatizo lilikuwa koyoti. Mbweha hawa wa nyikani kwetu huja na majira ya kuzaa kondoo, na shamba lisilowapunguza halifiki Juni na wanakondoo wa kutosha. Aita aliwaita kwa filimbi yenye sauti ya sungura anayeumia, huku amekaa kwenye majani makavu, upepo usoni, jua mgongoni. Kazi hiyo haifanywi masikio yakiwa yamezibwa. Lazima uwasikie ndege wenye mikia mirefu wakimpigia kelele koyoti anayepita chini yao. Nilimnunulia vizibo, nikamnunulia na vile vya kuvaa kichwani vyenye betri. Alisema upepo unavuma ndani yake kama ndani ya pipa, akavitundika msumarini jikoni.

Ndiyo maana nilimpeleka dukani kwa Verlin, muuza bunduki, tukatafute kizuia sauti, bomba linalofungwa mbele ya mtutu kupunguza mlio. Huku watu huita mkebe.

Verlin alitandika mitatu juu ya kaunta. Wa kwanza ulikuwa wa chuma kizito.

"Huu hauchakai," alisema. "Ila ukiufunga mbele ya mtutu utadhani umebeba nguzo ya uzio."

"Nguzo nimebeba maisha yangu yote," Aita akasema. "Huu?"

"Huo mfupi. Mtamu kwenye gari, lakini kelele haizimi vya kutosha. Kwa sikio lako, hapana." Akausukuma wa tatu mbele. "Titani. Mrefu kidogo, mwepesi. Huu ni wa mtu anayetembea."

Aita aliupima kiganjani kama anavyompima mwanakondoo aliyezaliwa kabla ya siku zake. "Na bunduki inanyamaza kabisa, kama ya sinema?"

"Wa sinema waongo, mzee wangu. Risasi yenyewe inakwenda kasi kuliko sauti, lazima ipasue hewa. Koyoti atausikia mpasuko, ila hatajua umetoka wapi. Wewe utabaki na sikio lako." Akainua vidole viwili. "Shika mawili tu. Uukaze kila baada ya risasi chache, maana ukilegea risasi itagusa kuta za ndani, na hapo umekwisha. La pili, rekebisha upya darubini ya kulengea. Bunduki yenye mkebe na isiyo na mkebe ni bunduki mbili tofauti."

Kisha akatoa karatasi. Serikali huiandikisha mikebe kama inavyoandikisha watu, kwa picha na alama za vidole. Aliyeandikwa ndiye anayeruhusiwa kukaa nao. Mwingine anaweza kupigia, ila mwenye jina awe pale pale.

"Wengi hufungua dhamana ya familia, mkebe unakuwa mali ya wote," Verlin alisema. "Mnaingia wote, kila mmoja na picha yake. Hata mmoja asipokuwepo, mwingine anakuwa nao bila wasiwasi."

"Hiyo ndiyo," Aita akasema. "Andika Erramun, Maite, na Bettan."

"Bettan hapana," nikasema.

"Bettan ni mwanangu."

"Mkebe nanunua mimi, Aita."

"Nina watoto wawili. Kitu kikiitwa cha familia, kinakuwa cha familia. Siandiki nusu."

Verlin alianza kufuta kioo cha kaunta kilichokuwa kisafi tayari. "Au mzee aandike lake peke yake," alisema taratibu, bila kututazama.

Hapo ndipo ningeweza kusema ndiyo. Badala yake nilivuta karatasi upande wangu. Nilitaka shamba lile liwe na kitu kimoja ambacho Bettan hakuwa na mkono ndani yake, hata kama ni bomba la urefu wa shubiri moja.

"Andika Maite Elizagoien," nikasema. "Basi."

"Na ukiwa zamuni?" Verlin akauliza.

"Akiwinda nitakuwepo."

Aita alivaa kofia, akatoka kwenda kunisubiri kwenye gari.

Kibali kilichukua miezi kumi na mmoja. Kilipokuja ilikuwa Machi, fundi alikuwa ameshachonga hesi za kuufungia mkebe kwenye mdomo wa mtutu, na majike walikuwa wameanza kujaa maziwa. Tulitundika shabaha kwenye marobota ya nyasi, hatua mia moja. Bila mkebe, risasi iligonga katikati. Tulipoufunga, iligonga vidole vitatu chini. Aita aliirekebisha darubini mpaka matundu yakarudi katikati, kisha akapiga moja ya mwisho akabaki ameinamisha kichwa.

"Nini?"

"Ganda," alisema. "Nimelisikia ganda la risasi likidondoka kwenye mawe." Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa ameshakisahau.

Asubuhi ya pili tukaenda bondeni. Alipuliza filimbi, akanyamaza, akapuliza tena. Wakatokea wawili kwa pamoja. Wa kwanza alianguka pale pale. Siku zote yule wa pili huwa ameshavuka kilima kabla hujaingiza risasi nyingine. Huyu alisimama, akageuza shingo upande mwingine kabisa.

"Anatazama kwa Duane," Aita akaninong'oneza. Duane alikuwa jirani yetu, mtu wa kesi nyingi. "Hata koyoti wanajua wa kumsingizia."

Nilicheka nikiwa nimejifunika mdomo kwa glavu. Akampiga na huyo wa pili. Tulirudi tukila mkate na jibini ndani ya gari, na alinisimulia habari za mama kabla hawajaoana, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Ilikuwa siku nzuri. Naiandika hapa kwa sababu hazikuwa nyingi.

Kisha siku zangu nne zikaisha. Nikaufungua mkebe, nikautia kwenye sanduku lake.

"Niachie," Aita alisema. "Nani atakuja kuhesabu?"

"Ni kifungo, Aita. Mimi na wewe wote."

"Mfungwa wa miaka sabini na minne. Watanipikia na kunifulia."

"Aita."

"Nenda, mama. Nenda na bomba lako."

Ikawa hivyo Aprili yote. Nikija, naufunga, nikiondoka, naondoka nao. Darubini tuliiacha ilivyo. Kuirekebisha kila baada ya siku nne ilikuwa ni kupoteza risasi, na Aita alisema atakumbuka kulenga chini akiwa hana mkebe. Nilikubali, kwa kuwa kukubali kulikuwa rahisi.

Mwezi wa Mei theluji ikaanguka, nzito na yenye maji, kama inavyofanya miaka mingine. Aita aliwaingiza majike wenye mimba kwenye banda la mabati. Jumatano, kumepambazuka, alikuwa amepiga magoti nyuma ya jike mmoja, mkono ndani mpaka kiwiko, anamgeuza mwanakondoo aliyekuja kwa matako. Mbwa walikuwa upande wa pili wa kilima. Kupitia mlango aliwaona koyoti wawili, hatua mia mbili hivi, wanamburuta mwanakondoo aliye hai.

Haya alinieleza mwenyewe baadaye. Bunduki ilikuwa imeegemea mlangoni. Vya kuziba masikio vilikuwa jikoni, kwenye msumari. Alifuta mkono kwenye suruali, akapiga akiwa bado ndani ya banda, mabati kila upande, kwa kuwa nje theluji ilikuwa ikimpiga machoni. Alikuwa ameshazoea mkebe. Hakukumbuka kulenga chini. Risasi ya kwanza ikapita juu ya mgongo. Ya pili na ya tatu vilevile. Ya nne ndipo alipokumbuka, akalenga chini mno. Ya tano ikampata mmoja. Risasi tano, mahali ambapo moja ingetosha.

Nilifika Alhamisi adhuhuri. Mbwa walilikimbilia gari langu wakibweka. Aita alikuwa anamimina shayiri kwenye hori, amenipa mgongo. Niliita mara tatu. Nilipomgusa bega aliruka, ndoo ikamponyoka.

"Siwasikii," alisema. Sauti ilikuwa ya mtu anayeongea katika upepo mkali, na upepo haukuwepo. "Maite, siwasikii kondoo."

Mbele yake jike alikuwa amepanua mdomo, anamlilia mwanawe kwa nguvu zake zote.

Nilimpeleka kwa daktari siku hiyo hiyo. Alipewa vidonge, akaambiwa asubiri wiki mbili. Tulisubiri. Mstari wa kulia ukaenda kulala kando ya ule wa kushoto.

Bettan alikuja Jumamosi iliyofuata. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yake yote, nimepanga na majibu. Alikaa uani na Aita, akimwandikia maneno kwenye daftari. Kisha akanifuata bandani.

"Dada. Mkebe ulikuwa wapi?"

"Kwangu. Kule mgodini."

"Kwa nini ulikuwa kwako?"

Nikamweleza. Dhamana, majina matatu, karatasi niliyoivuta upande wangu. Nilieleza haraka, nikiendelea kuzoa samadi. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea afoke.

"Kwa hiyo ilikuwa ni jina langu tu," alisema. "Mimi kuandikwa tu. Nisingeushika hata siku moja, Maite. Mimi hata bunduki siipendi."

Akaenda kuosha mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu.

Hakuna aliyemsukuma Aita. Mwezi wa Agosti yeye mwenyewe alimwandikia mnunuzi wa kondoo, akasimama langoni siku malori yalipokuja, akiwahesabu kwa kidole. Mbwa walikwenda kwa Duane. Ardhi ilichukuliwa na yule mwenye viatu visafi. Aita alipewa chumba kwenye nyumba ya wazee mjini Buffalo, dirisha linatazama maegesho ya magari. Nilikuwa nikienda kila siku zangu nne za mapumziko. Watu wa pale walimpenda, walisema ni mzee asiye na usumbufu. Hawakujua kwamba walikuwa wakimsifu mtu mwingine kabisa.

Januari nilishindwa kuendelea kulibeba jambo hili moyoni. Tulikuwa kwenye ukumbi wa chakula, saa sita mchana, meza zote zimejaa. Nilichukua daftari lake, nikaandika: Aita, ningeandika majina yetu wote, mkebe ungekuwa kwako siku ile. Nilifanya kwa ajili ya kumkomoa Bettan. Sikio lako limekwenda kwa sababu yangu.

Alivaa miwani, akasoma polepole, mdomo ukifuata maneno. Kisha akajibu kwa sauti ile ambayo hakuweza tena kuipima, ukumbi wote ukageuka kututazama.

"Najua. Nilikuwepo dukani."

Akalisukuma daftari kwangu. Nilishika kalamu. Nilichotaka kuuliza kilikuwa neno moja, umenisamehe, na nafasi kwenye ukurasa ilikuwepo. Sikuliandika. Yeye alisubiri kidogo, kisha akavua miwani, akauvuta mchuzi wake karibu, akaendelea kula.

Alifariki Februari, tarehe tisa.