Gari Halina Ulimi

Kijiti cha kupimia oili kilitoka kimevaa rangi ya chai ya maziwa. Yotham alikifuta kwa kitambaa, akakichovya tena, akakitoa. Chai ileile. Akakaa chini uani kwake, mtaa wa Nkuhungu, kijiti mkononi, kama mtu aliyekwisha kusomewa hukumu lakini hataki kutoka kizimbani.

"Baba Noeli," mkewe aliita kutoka ndani. "Gari limekuwaje?"

"Naliangalia."

"Maana kesho ndiyo Jumamosi."

Kana kwamba alikuwa amesahau. Hospitali walimruhusu mkewe, Lydia, wiki iliyopita kwa upole ule unaomtisha mgonjwa kuliko ukali: nendeni nyumbani, mpeni anachokitaka. Lydia hakutaka kuku wala soda. Alitaka kulala uani kwa mama yake, kule Kibakwe milimani, amwone bibi yule kabla yeye mwenyewe hajafumba macho. Kwenye basi asingeweza kuketi, mgongo ulikuwa umekataa. Ilibidi alazwe kwenye kiti cha nyuma na godoro chini ya mbavu, na dereva awe mtu wa kumhurumia kwenye kila shimo. Yotham alikuwa ameahidi. Ndiyo maana jana, alipolitoa gari kulijaribu na likachemsha kabla ya kufika barabara kubwa, aliwaomba vijana wa bodaboda walisukume hadi nyumbani, naye hakumwambia mkewe kitu.

Alifungua kifuniko cha rejeta, akawasha injini kidogo. Mapovu yakapanda, yakapasuka, yakapanda mengine. Oili ya maziwa, mapovu kwenye rejeta, moshi mweupe nyuma: hapo haitwi mganga. Gasketi ya silinda hedi, inayotenganisha maji na oili, ilikuwa imekufa na maji yameingia kwenye oili.

Gasketi nyingine alikuwa nayo, ameitunza uvunguni. Akaanza kufungua. Kila nati aliipanga juu ya gunia kwa mfuatano wake, kama alivyozoea tangu alipokuwa utingo wa malori. Jua lilipofika utosini, Sila, fundi magari aliyeishi nyumba ya pili, akaja kumsaidia kuinyanyua hedi, kile kichwa cha injini. Wakaigeuza.

Njia za maji zilikuwa zimezibwa na gamba jeupe. Ukingoni mwa silinda moja chuma kilikuwa kimeliwa vishimovishimo, kama jino bovu. Sila alikwangua kwa ukucha, akaulamba, akatema.

"Chumvi," alisema. "Mzee wangu, hili gari umekuwa ukilinywesha nini?"

Maji ya kisima cha mtaa wao kila mtu anayajua. Sabuni haitoi povu, na chai yake hata sukari haiiokoi. Maji matamu huletwa kwa mikokoteni, kwenye madumu. Tangu Lydia aanze kuugua, Yotham aliapa kwamba tone la maji matamu halitapotea nyumbani mwake. Yote yalikuwa ya Lydia, ya uji wake na dawa zake. Yeye mwenyewe alikunywa ya kisima, na gari akalijazia ya kisima. "Gari halina ulimi," alizoea kumwambia mkewe, na wote wawili wakacheka. Alilinyima gari ili mke asikose, na sasa mke amekosa gari.

"Hii inataka ikasawazishwe kwa mashine," Sila alisema taratibu. "Na mjini kuna foleni. Labda katikati ya wiki ijayo."

Yotham alitazama dirisha la chumbani. "Yeye hana wiki ijayo."

"Ukiifunga hivihivi haifiki, mzee. Nakwambia ukweli. Mbande pale njiani, labda. Kibakwe sahau."

"Nisaidie kuifunga, mwanangu."

Mfa maji haachi kutapatapa. Waliweka msasa juu ya kipande cha kioo cha dirisha, wakaisugua hedi juu yake, wakipokezana, mpaka viganja vikawaka moto. Vishimo vilipungua, havikuisha. Wakamwaga oili iliyoharibika, wakaweka mpya, wakafunga.

Asubuhi gari liliwaka. Wakamlaza Lydia nyuma. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba Sila, aliyemshika miguu, aligeuza uso pembeni. Yotham alimimina maji matamu kwenye rejeta, mengine akayapakia ndani kwenye madumu yake.

"Si maji yangu hayo?" Lydia aliuliza.

"Ni yako."

"Liache linywe."

Lilivuka mjini vizuri, likapita Ihumwa. Walipofika Buigiri mshale wa joto ulianza kupanda. Alisimama, akasubiri, akajaza, akaondoka. Chamwino yote ikabaki nyuma yao kwa mtindo huo, vituo na mvuke, na baada ya kukata kona ya Mbande, mbuga za Kongwa zikiwa kushoto na kulia, gari lilichemsha kwa mlio ambao hata asiye fundi angeuelewa.

Akafungua boneti, akarudi dirishani kwa mkewe. Mbali mbele milima ya Mpwapwa ilikuwa imejitokeza, ya buluu.

"Nyuma ya ile ndiyo kwetu," Lydia alisema.

"Ndiyo hapo." Akashika ukingo wa dirisha. "Mama Noeli, mimi ndiye niliyeliua hili gari. Yale maji ya kisima."

"Najua. Nilikuwa nakuona."

"Mbona hukunikataza?"

"Ulikuwa unafurahi kunitunza." Alipumzika kidogo, kisha akatabasamu. "Halina ulimi." Akataka kucheka, pumzi haikutosha.

Lilibaki dumu moja, nalo maji yake yakiwa chini kabisa.

"Utakunywa nini wewe?" Yotham aliuliza.

"Lipe tu. Nataka kufika."

Alisubiri mpaka mvuke ukaisha na chuma kikakubali kuguswa. Akazungushia kitambaa kwenye kifuniko cha rejeta, akafungua, akamimina kidogo kidogo, na rejeta ikameza kwa sauti. Mara akasita. Funda la mwisho hakulimimina. Alilitia kwenye kifuniko cha dumu, akakibeba kwa mikono miwili akizunguka gari, hatua za polepole, lisimwagike.

Lydia alikuwa ameelekeza uso kwenye milima, macho wazi.

"Mama Noeli."

Upepo wa mbugani ulipita ukiinua ncha ya kitenge chake. Yotham aliingiza mkono dirishani, akakiinamisha kifuniko juu ya midomo yake. Maji yalikaa pale mdomoni yakimeta, naye akasimama ameinama vilevile, akisubiri yamezwe.